Swali Kabla ya Jibu: Fikra za Mwanafunzi katika Madarasa ya Thika na Ruiru

Mwaka 1985 mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulianza kutekelezwa nchini Kenya. Mwaka uo huo, watafiti wa kahawa mjini Ruiru walitoa aina mpya ya mbuni iliyoitwa Ruiru 11. Mbuni huo ulizaliwa na tatizo: chulebuni, ugonjwa unaoozesha matunda ya kahawa yangali mabichi, ulikuwa ukiwatia wakulima hasara. Watafiti walianza na swali, wakalitafutia jibu.

Aghalabu somo la fasihi katika shule za upili huenda kinyume. Mwanafunzi hupewa jibu kabla ya swali. Hununua mwongozo hata kabla ya kuisoma riwaya yenyewe. Humo hukuta maudhui yameorodheshwa na wahusika wamekwisha kuhukumiwa. Aulizwapo kwa nini mhusika fulani ni mwovu, hujibu kwamba ndivyo ilivyoandikwa. Mwalimu naye asilaumiwe peke yake: darasa limefurika na mtihani wa kitaifa unabisha hodi.

Ujifunzaji unaoanzia kwenye tatizo ulipata umaarufu katika Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, mwishoni mwa miaka ya 1960, pale wanafunzi wa udaktari walipokabidhiwa hali ya mgonjwa kwanza, wakatafuta maarifa ya kuieleza. Kiswahili nacho kinaweza kufunzwa hivyo. Bwawa la Ndakaini, lililokamilika mwaka 1994 katika Mto Thika, hupeleka maji Nairobi. Ni nani mwenye haki ya kwanza juu ya mto: aishiye kandokando yake, au mji unaoutegemea? Swali hili likitangulia, mjadala, barua rasmi na ripoti hupata sababu ya kuandikwa. Mwanafunzi aliyezoea kupima hoja za pande mbili hatamhukumu mhusika wa riwaya kabla ya kumsikiliza.

Huenda ikadaiwa kwamba mbinu hii si ngeni, kwa kuwa wazee walitega vitendawili. Ni kweli kwa kiasi. Hata hivyo, jibu la kitendawili tayari analo mtegaji. Tatizo halisi humlazimu hata mwalimu kukiri kuwa hana jibu moja, na huo ndio ugumu wake.

Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, unautaja ufikiriaji tunduizi na utatuzi wa matatizo miongoni mwa umilisi wake saba. Lakini mtaala haufikiri kwa niaba ya mtu. Mwalimu aliyesomewa nukuu chuoni akazinakili, naye atakwenda Thika kuwasomea wanafunzi nukuu wazinakili. Mageuzi ya darasa la upili basi hayana budi kuanzia katika kumbi za mihadhara za vyuo vikuu, ambako Kiswahili hufundishwa na walimu wa kesho huandaliwa.