Nyuso za Mzaha Ukutani

Huko Ufaransa yuko mtu ajulikanaye kwa herufi mbili tu, JR. Alizaliwa mwaka 1983. Katika ujana wake aliokota kamera ndogo ndani ya treni ya chini ya ardhi mjini Paris, akaanza kupiga picha. Kazi yake ni kupiga watu picha za uso, kuzikuza mpaka ziwe kubwa kama mlango, pengine kama nyumba nzima, kisha kuzibandika kwa gundi katika kuta za njiani. Hakuna kiingilio. Mwenye kupita ataona, hata kama hakupenda.

Kando ya Paris iko mitaa ya maghorofa wanamokaa maskini, na wengi wao ni watoto wa watu waliotoka Afrika. Mwaka 2005 wavulana wawili waliokuwa wakiwakimbia polisi walikufa kwa umeme, na vijana wa mitaa ile wakafanya ghasia, wakachoma magari. Katika televisheni walionekana kama majitu ya kutisha. Basi JR akaenda kwa vijana hao na kamera inayomlazimu mpigaji asogee karibu sana, shubiri moja hivi kutoka usoni. Akawaomba wajigeuze nyuso: watumbue macho, wavimbishe mashavu, wapinde midomo. Picha hizo alizibandika katika mitaa ya matajiri mjini Paris, pamoja na jina la kila kijana, umri wake na nyumba anayokaa. Huo ulikuwa mzaha wenye akili. Ni vigumu kumwogopa mtu aliyevimbisha mashavu kama chura, hasa ukishajua jina lake.

Mwaka 2007 yeye na rafiki yake wakaenda Nchi Takatifu. Wakawatafuta Waisraeli na Wapalestina wenye kazi moja, mwalimu na mwalimu, dereva wa teksi na dereva mwenzake, wakawapiga picha wakifanya vichekesho vya uso. Kisha wakazibandika mbili mbili, bega kwa bega, katika miji 8, na pande zote mbili za ule ukuta unaowatenga. Wapita njia waliulizwa, “Yupi ni wa kwenu, yupi ni wa kwao?” Wengi hawakuweza kusema. Katika picha hizo walikuwamo rabi, shehe na mtawa wetu Mkristo, watatu pamoja, nyuso zimepinda kama za watoto wa darasa la kwanza mwalimu akiwa ametoka. Sisemi kwamba picha zilileta amani. Amani haikuja, na damu nyingi imemwagika huko baadaye. Lakini hao watatu walikubali kuchekwa pamoja mbele ya watu wao, na hilo si jambo dogo kwa mtu mwenye cheo cha dini.

Sisi vijijini picha tunazijua kwa namna nyingine. Mpiga picha wa arusi hutuamuru tusimame wima, mikono ubavuni. Picha ya kitambulisho hairuhusu hata tabasamu. Tena wako wageni wanaoshuka garini, wakawapiga picha watoto wetu wenye kamasi, wakaondoka bila kuuliza jina. Mmoja aliahidi kutuletea nakala. Ni miaka 11 sasa. Kwa hiyo niliposikia kwamba JR alifika Kibera, Nairobi, mwanzoni mwa 2009, nilitaka kujua hasa: wale waliopigwa picha walipata nini?

Kibera ilikuwa imetoka tu katika machafuko ya uchaguzi ya mwanzo wa 2008. JR aliwapiga picha wanawake wa huko. Kwa mapaa hakutumia karatasi, maana karatasi haizuii mvua. Nyuso na macho ya wanawake hao zilichapwa katika turubai la plastiki lisilopitisha maji, nalo likatandikwa juu ya mabati ya nyumba zao, jumla ya mita za mraba zipatazo 2,000. Aliye juu ya kilima aliona macho ya mama zetu yakitazama mbinguni. Waliokaa chini yake walipata kitu kingine: paa lisilovuja. Na mzaha haukukosekana. Reli ya kwenda Kisumu hupita katikati ya Kibera. Basi macho yalibandikwa ubavuni mwa mabehewa, na pua na midomo viliwekwa katika mteremko chini ya reli. Treni ilipopita, kwa nukta moja uso ulikamilika, kisha ukaachana tena.

Mwaka 2011 JR aliifungua kazi hiyo kwa watu wote. Watu wa mahali popote hujipiga picha wenyewe, huipeleka kwake, naye huwarudishia karatasi kubwa waibandike katika ukuta wao. Wameshiriki watu zaidi ya 400,000, katika nchi zaidi ya 140. Si kila mahali ilipokewa vizuri. Huko Tunisia, mara baada ya kumwondoa Ben Ali, nyuso za raia zilibandikwa pale ilipokuwa imezoeleka picha ya rais, na watu wengine wakazichana. Walikuwa wamechoka kutazamwa na nyuso kubwa ukutani, nami siwalaumu.

Mjukuu wangu anazo picha za Kibera katika simu yake. Jumapili iliyopita, baada ya Misa, alimwonyesha mama yangu, ambaye ametimiza miaka 84 na macho yake bado ni mazima. Mama alitazama kitambo. Halafu akauliza kama wale akina mama waliziona picha zao, maana ziko juu nao wako chini. Nikamjibu kwamba walioona vema ni wale wa kilimani na wa kwenye treni. Akauliza kama ni kweli hapavuji. Nikamwambia turubai la namna ile halipitishi maji.

Mama akatazama juu, kwenye lile bati la jikoni kwake lenye matundu, akatoa ulimi, akatumbua macho mpaka wajukuu wakapiga kelele.

“Haya,” akasema, “nipige. Lakini ujue paa langu ni kubwa, itakubidi uukuze sana huo uso.”