Barua kutoka Uingereza: Gobore lenye matundu sita

Ndugu zangu wa Singida,

Leo naandika juu ya gobore. Neno hilo kwetu halihitaji maelezo: bunduki ndefu ya babu, mdeki ubavuni, baruti kwenye pembe, na moshi unaomficha mpigaji kabla hajajua kama amepata au amekosa. Katika karne ya 19 magobore ya misafara yalipita hapo hapo Manyoni na Itigi, ndani ya pori la Mgunda Mkali, wapagazi wakielekea Unyanyembe; Stanley naye alilivuka mwaka 1871. Wengi wetu tumeiweka silaha hiyo kwenye fungu la mambo yaliyokwisha. Huku Uingereza wapo walenga shabaha wanaoishika mpaka leo, ikiwa katika umbo la bastola ya matundu sita inayoshindiliwa baruti kwa mkono. Nasema hawajapotea njia. Kwa anayetaka kupata shabaha, silaha inayomchelewesha inamfaa kuliko inayomharakisha.

Chanzo cha habari hii ni msiba. Tarehe 13 Machi 1996, huko Dunblane, Scotland, mtu mwenye bastola alizozimiliki kihalali aliingia shule ya msingi akaua watoto 16 na mwalimu wao. Mwaka uliofuata Bunge lilipitisha sheria mbili za kukataza bastola, na ya pili ikafagia hata bastola ndogo za .22. Zile za kushindilia kwa mbele ziliachwa nje ya katazo, lakini si holela: mwenye nayo hupata kibali cha polisi, na baruti nyeusi nayo ina kibali chake. Baruti hiyo huwekwa kwenye sanduku la mbao nene lenye vyumba, maana ikilipukia ndani ya chuma, chuma chenyewe hugeuka vipande vya kuua. Mtu atasema: basi hao hawakuchagua, walibanwa. Kwa Uingereza ni kweli. Lakini Marekani, ambako maduka yanauza bastola za kila namna, bado wapo wanaonunua Ruger Blackhawk, bastola iliyotoka mwaka 1955 kwa kufuata mtindo wa Colt ya 1873. Wakishapiga huokota maganda yao matupu, wakapachika fataki mpya, wakapima baruti na kukaza risasi wenyewe. Hao hawakusukumwa na sheria yoyote.

Kinachowavuta kwanza kiko kwenye kidole. Bastola hizi hupandishwa nyundo kwa dole gumba kabla ya kila pigo, hivyo kifyatulio kinabaki na kazi moja tu, kuiachia nyundo, na mvuto wake ni mfupi na mwepesi. Bastola inayojipandisha hudai kidole kimoja kizungushe silinda, kiinue nyundo, kisha kiiachie; mvuto unakuwa mrefu na mzito, na mkono unayumba. Ndiyo maana hata wenye bastola hizo, wakitaka kulenga sawasawa, huipandisha nyundo kwa dole gumba. Baada ya kidole, tazama kiunzi. Colt za 1851 na 1860 zina sura nzuri, ila juu ya silinda hakuna chuma, na kilengeo cha nyuma ni mkato mdogo kwenye nyundo yenyewe: kitu unachotegemea kulengea ndicho kinachoanguka unapopiga. Remington ya enzi hiyo hiyo ina kiunzi kilichofungwa juu, na kilengeo kimechongwa humo, hakichezi. Nakala zake nzuri hutengenezwa na Uberti na Pietta huko Brescia, Italia. Ruger Old Army, iliyotengenezwa kati ya 1972 na 2008, ilizidi hapo kwa kilengeo kinachorekebishika na chuma kisichoshika kutu upesi. Kasoro yake ni kwamba si nakala ya bastola yoyote ya kale, na mashindano ya kimataifa ya silaha za kushindilia hutaka nakala za kweli. Kwa hiyo anayetazamia mashindano hayo achukue Remington, na anayepigia klabuni kwake aitafute Ruger iliyokwisha kutumika. Colt naishauri kwa wapenda historia.

Hata hivyo bastola ni nusu ya kazi, na nusu nyingine ni kipimo. Tazama tundu moja likijazwa. Baruti hupimwa kwa kikombe kidogo cha shaba na kusawazishwa mdomoni. Hapa hakuna lumbesa. Juu yake humiminwa semolina, ule unga wa chembe wa ngano wa kupikia, kwa sababu kiasi cha kulengea ni kidogo na bila kijazio risasi ingezama chini kabisa, mbali na mtutu. Kisha huwekwa kidonge cha risasi cha duara, kipana kidogo kuliko tundu. Mkono wa kushindilia ukikisukuma ndani, ukingo wa tundu hukinyoa pete nyembamba ya risasi inayong'aa. Pete hiyo ikitoka nzima, mpigaji anajua tundu limezibwa vizuri na cheche za tundu la jirani hazitapenya. Mafuta mazito hupakwa juu, na fataki huvishwa mwisho. Tundu la pili likijazwa kwa kipimo kingine au kushindiliwa kwa nguvu tofauti, risasi yake itaangukia kwingine hata mkono ukiwa thabiti kama mawe yetu ya Singida. Mpigaji huyu hana wa kumsingizia, kwa kuwa kila kilichomo ndani ya silinda amekitia yeye.

Wapo wanaopinga kwamba kazi hii ni chafu na ya polepole. Ni chafu kweli: masizi ya baruti nyeusi hula chuma, na bastola isipooshwa kwa maji ya moto na sabuni siku hiyo hiyo itaanza kutu. Lakini upole huo si hasara. Katika mashindano ya kimataifa mpigaji hupewa dakika 30 kwa risasi 13, na 10 zilizo bora ndizo zinazohesabiwa. Anayefyatua ovyo hapati nafuu yoyote.

Pingamizi zito ni la wale wanaosema kwamba chuma ni chuma, na baada ya Dunblane raia asingeachiwa hata hicho. Siwabezi. Bastola ya kushindilia inaua kama nyingine, na anayeiita kichezeo asipewe kibali. Sheria imepima muda: silinda ikiisha, kuijaza upya ni shughuli ya dakika kadhaa, na mwenye nia mbaya hapati dakika hizo. Naona mstari huo umechorwa mahali pa haki.

Mtaniuliza haya yanamhusu nini mtu wa Mkalama au Ikungi. Hayamhusu kwa kununua, wala kwa kuiga. Sheria yetu ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inadai leseni, na hata huku fundi wa uani haruhusiwi kuunda bastola. Yanamhusu kwa hukumu tunayolitolea gobore. Mtutu unaouzwa huku hupelekwa kwanza kwenye nyumba ya majaribio, kama ile ya Birmingham iliyoanzishwa mwaka 1813, ukapigwa kwa shehena nzito kuliko ya kawaida. Ukistahimili hugongwa muhuri. Gobore la kuunda porini, la bomba la maji au la usukani wa gari, halijawahi kujaribiwa na mtu, na baruti yake hukadiriwa kwa kiganja. Likipasuka usoni pa mwindaji tunasema ni uzee wa teknolojia. Lakini Remington ya kushindilia ni ya zama zile zile, na inapiga duara la kati mita 25. Gobore letu limekosa muhuri na kikombe cha kupimia, na hayo mawili yalikuwepo tangu zamani za babu.

Nawatakia mavuno mema ya alizeti.

Wenu wa ughaibuni.