Barua ya Mjomba kwa Mpwa: Upatanisho na Sadaka ya Kristo

Upatanisho, katika imani ya Kikristo, ni kurejeshwa kwa mwanadamu katika ushirika na Mungu baada ya dhambi kuuvunja. Wakristo wanaamini kwamba jambo hilo limetimia kwa kifo cha Yesu msalabani na kufufuka kwake, na kwamba aliyelianzisha ni Mungu mwenyewe, si mkosaji. Hilo la mwisho ndilo linalosahaulika upesi, na ndilo ambalo mpwa anayejiandaa kwa kipaimara inampasa alishike kwanza. Asipolishika, yote yanayofuata yatamgeukia kuwa habari ya Mungu mwenye hasira anayetulizwa kwa damu.

Mzizi wake uko katika Agano la Kale. Usiku wa kutoka Misri kila nyumba ya Waisraeli ilichinja mwanakondoo na kupaka damu miimo ya mlango. Katika Walawi sura ya 16 kuna siku moja ya mwaka ambapo kuhani mkuu aliletewa mbuzi wawili. Mmoja alichinjwa na damu yake ikapelekwa ndani ya patakatifu. Wa pili aliwekewa mikono kichwani, makosa ya taifa yakatajwa juu yake, kisha akapelekwa nyikani asirudi tena. Watu wa mwambao hawataona ajabu, maana huko ng'ombe amekuwa akizungushwa mji kabla ya kuchinjwa ili mabaya yaondoke naye. Lakini sura inayofuata ya Walawi inaeleza jambo zito zaidi: damu ni uhai, na Mungu ndiye aliyewapa watu hiyo damu kwa ajili ya upatanisho wao. Kwa maneno mengine, hata mnyama wa madhabahuni alikuwa kwanza zawadi kutoka juu. Manabii Hosea na Mika waliwakemea vikali waliodhani mafahali wengi wangeweza kuziba mahali pa haki na huruma.

Uwanda wa Makonde na nchi ya Masasi, kusini mwa Tanzania, nazo zilikuwa na sadaka zao kabla ya kanisa kufika. Mzee aliinama chini ya mti wa msolo, akamimina unga kidogo kidogo kutoka kiganjani mpaka ukasimama kama kichuguu, huku akiwataja marehemu wa ukoo kwa majina. Kwa Wayao, unga huo uliachwa hapo, na asubuhi ukaangaliwa: ukiwa haujaharibika, safari au shughuli iliyokusudiwa ina baraka. Si haki kulidharau tambiko hilo. Ndani yake mna utambuzi kwamba uhai wa mtu haumtoshi peke yake na kwamba uhusiano ukilegea lazima utengenezwe. Ila kila msimu lilirudiwa, na anayemimina hakuwa na hakika mpaka kuche.

Waraka kwa Waebrania, sura ya 9 na ya 10, unajibu hapohapo. Makuhani wa zamani walirudia sadaka mwaka baada ya mwaka, na kurudia kwenyewe kulionyesha kwamba kazi haijaisha. Kristo alijitoa mara moja, naye ni kuhani na sadaka kwa pamoja. Yohana Mbatizaji anamwita Mwanakondoo wa Mungu. Marko 10:45 inamtaja Mwana wa Adamu kuwa aliyekuja kutoa uhai wake uwe fidia ya wengi. Paulo, katika Warumi na katika waraka wa pili kwa Wakorintho, anasisitiza kwamba Mungu alikuwa ndani ya Kristo akiupatanisha ulimwengu, na kwamba alifanya hivyo watu wakiwa bado wakosaji. Mungu hakungoja kupendezwa ndipo apende.

Je, kifo hicho kinaokoaje? Kanisa halijawahi kutoa jibu moja lenye kufunga mjadala, na historia ya Masasi inasaidia kuelewa kwa nini. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya Kianglikana alipita Lindi na kundi la watu waliokuwa watumwa, akitoka nao Unguja, akawaacha Masasi wajenge makazi ya Kikristo. Wengi wa watu wa namna hiyo waliokuwa chini ya misheni walikuwa wametolewa katika majahazi yaliyokamatwa na manowari za Waingereza. Mwenye jahazi hakulipwa kitu, alishindwa nguvu. Kisha Septemba 1882 Magwangwara, yaani Wangoni, waliivamia Masasi, wakaua na kuchukua mateka, na mmisionari Porter akafunga safari kuwafuata hadi nchi yao ili awakomboe. Hapo ilihitajika fidia.

Mababa wengi wa kanisa la kwanza walisema kwa njia zote mbili: Kristo ni mshindi aliyeingia nyumba ya mauti akawatoa wafungwa, na Kristo ni bei iliyotolewa. Walipobanwa na swali la nani alipokea bei hiyo, Gregori wa Nazianzo alikataa katakata kwamba ibilisi, aliye mnyang'anyi, anaweza kuwa na haki ya kulipwa. Anselmo wa Canterbury, mwishoni mwa karne ya 11, aliandika kwamba dhambi humnyima Mungu heshima anayostahili na kwamba ni yule tu aliye Mungu na mtu pia awezaye kuirudisha. Abelardo baada yake alitazama zaidi upendo unaouvunja ugumu wa moyo. Kila moja ya fikra hizi ikishikwa peke yake hupinda. Kwa watu ambao mababu zao walitembezwa na misafara kwenda Kilwa na Lindi, ile ya ushindi inastahili kutangulia.

Wengi hukwama hapa: mmoja anawezaje kubeba la mwingine? Kwa Wamakonde, Wamakua na Wayao, wanaofuata ukoo wa mama, jibu halikosekani. Mpwa akitozwa faini barazani, mjomba husimama na kulipa, kwa sababu wao ni wamoja, aibu ya mmoja ni ya wote. Kristo alijifanya ndugu wa wanadamu kwanza, ndipo akasimama. Mfano huo una mpaka wake, maana mjomba hutoa mali, wala harudi kutoka kaburini kumpa mpwa maisha mapya.

Wokovu hupokelewa kwa imani, toba na ubatizo. Matola wa kwanza, mkuu wa Newala aliyewakaribisha wamisionari, alisikiliza Injili miaka mingi akiwa na wake kadhaa, na akabatizwa karibu na kufa kwake mwaka 1895. Hakuwa na muda wa kulipa chochote kwa matendo. Alipokea kama walivyopokea waliobatizwa wachanga. Toba hata hivyo si maneno: aliyeiba arudishe, aliyedhulumu akae na aliyemdhulumu. Msamaha wa Mungu haumwondolei mtu deni la jirani.

Katika Misa, Waanglikana wa Masasi na Wakatoliki wa Ndanda hawamchinji Kristo upya. Sadaka ileile ya mara moja ndiyo inayowekwa mbele ya waumini, nao wanajiunga nayo kwa mkate na divai. Kwa sababu hiyo, yeyote anayemtaka kijana atoe fedha ili laana ya ukoo ikatwe, au alipie maji na mafuta ili aokoke, anauza kilichokwisha kutolewa bure, na mpwa asimpe hata shilingi. Fedha ya kikapu cha Jumapili, au kilo za korosho zinazoletwa wakati wa mavuno, ni shukrani na matunzo ya parokia. Haziongezi msamaha, na asiye na kitu mkononi husogea mezani pamoja na wengine.