Herufi za Japani katika milango ya Gatitu

Ukitaka kufika Gatitu, ndugu msomaji, panda matatu ya Nyeri pale Nairobi asubuhi na mapema. Utapita Thika, Kenol, Makutano, Sagana na Karatina. Ukifika Marua, gari litaiacha barabara kuu iendayo Nanyuki na kushika ile ya mjini Nyeri. Safari yote ni kama kilomita 150. Kabla hujaingia mjini, mwambie makanga akushushe Gatitu.

Ukishashuka, usiwe na haraka. Elekeza macho upande wa kaskazini mashariki. Ikiwa mawingu hayajateremka, utauona Mlima Kenya umesimama na vilele vyake vyeupe. Geuka magharibi, nayo milima ya Nyandarua iko pale pale. Jina lenyewe la Gatitu, kwa lugha ya Kikuyu, ni msitu mdogo. Siku hizi utakachokiona kwanza ni maduka, pikipiki na magari, lakini jina limebaki kama kumbukumbu ya miti.

Wageni wengi huja sehemu hizi kuutazama mlima. Leo nataka wewe utazame milango ya magari.

Simama kando ya barabara kwa dakika kumi hivi. Matatu aina ya Toyota itapita, lori la Isuzu litafuata likiwa limesheheni viazi, kisha Canter ya Mitsubishi na Subaru ya kijana mwenye haraka zake. Baadhi ya magari haya bado yana maandishi ya Kijapani ubavuni, ambayo watu wengi hapa hawawezi kuyasoma. Sisi, kama Wajapani, huendesha upande wa kushoto na usukani wetu uko kulia. Kwa hiyo magari yaliyokwisha kutumiwa huko hutufaa sana, na sheria ya Kenya huyaruhusu kuingia mradi yasizidi umri wa miaka minane. Huja na rangi yake na majina ya wenyewe wa zamani. Mara nyingine utakuta maneno ya ubavu wa kulia yameandikwa kutoka kulia kwenda kushoto. Si kosa. Ni desturi ya zamani ya huko kuanza kuandika kutoka mbele ya gari kuelekea nyuma.

Wengi hapa hawayafuti. Kuyafuta ni gharama, na zaidi ya hayo, maandishi hayo yamekuwa kama cheti: gari hili limetoka Japani moja kwa moja!

Hapo ndipo kisa changu kilipoanzia. Nilimkuta mchoraji wa mabango, mzee wa makamo, ameketi juu ya kreti na makopo yake ya rangi. Mbele yake alisimama kijana aliyekuwa karibu kufungua duka la spea. Mtaji wake ulikuwa malipo ya kahawa ambayo mamake alikuwa amemwachia, na sehemu yake ilikuwa imetengewa bango, risiti na mifuko.

"Mzee, nichoree hizi," kijana alisema, akionyesha mlango wa gari lililoegeshwa karibu.

"Zinasemaje?" mzee aliuliza.

"Sijui. Lakini mteja akiziona atajua spea zangu ni za Japani."

"Na ni za Japani?"

Kijana alicheka kidogo. "Nyingine."

Mzee alifuta brashi yake polepole. "Miaka hii yote nimeandika majina ya watu," akasema. "Sijawahi kuandika jina nisilolijua."

Msichana mmoja mwanafunzi wa chuo, aliyekuwa akingoja gari, alitoa simu yake na kuielekeza mlangoni. Simu za siku hizi, kama ujuavyo, zina programu za kutafsiri maandishi. Alisoma kisha akaziba mdomo. Gari lile lilikuwa la shule ya chekechea! Watu waliangua kicheko. Kijana hakucheka. Alikuwa akihesabu moyoni fedha za mamake ambazo zingekwisha kwa kutangaza kwamba duka lake la breki na vichujio vya mafuta ni mahali pa kulelea watoto wachanga.

Basi tumwache kijana akikuna kichwa, nasi tujiulize: maandishi haya ni nini hasa, na wenyewe huyatumiaje kuunda nembo?

Wajapani huandika kwa aina tatu za maandishi kwa pamoja. Ya kwanza ni kanji, ambayo asili yake ni Uchina na ambayo imetumika Japani kwa zaidi ya miaka 1,000. Kila alama ya kanji hubeba maana. Aina nyingine mbili ni hiragana na katakana. Kila moja ina alama 46 za msingi, na karibu kila alama ni silabi. Watoto wetu huimba ba, be, bi, bo, bu. Wao huimba ka, ki, ku, ke, ko. Ndiyo sababu Toyota, Suzuki na Subaru hayatutatizi ulimini.

Katakana ndiyo hutumika zaidi kwa majina ya kigeni. Kenya huandikwa kwa alama tatu: ke, ni, a. Gatitu ni kazi kidogo, kwa kuwa safu yao ya zamani ina "chi" na "tsu" mahali ambapo sisi tungetaka "ti" na "tu". Hulazimika kuambatanisha herufi ndogo na kubwa, na jina letu fupi likawa na alama tano.

Lakini tazama kanji. Mti ni msalaba wenye mistari miwili inayoteremka kando kama matawi yaliyoinama. Ukiandika miti miwili bega kwa bega umepata kichaka cha miti. Ukiandika mitatu, mmoja juu na miwili chini, umepata msitu mnene. Kwa hiyo Gatitu, huo msitu mdogo wetu, ungeweza kuandikwa kwa miti miwili tu! Nao mlima ni mistari mitatu iliyosimama juu ya msingi mmoja, wa katikati ukiwa mrefu kuliko wenzake. Nani aliyeuona Mlima Kenya, pamoja na Batian wa mita 5,199, Nelion wa 5,188 na Lenana wa 4,985, asiyeielewa picha hiyo?

Sasa rudi kwenye magari yale yale. Toyota ilitokana na jina la ukoo la Toyoda, ambalo kanji zake zina maana ya shamba la mpunga lenye rutuba. Mwaka 1936 kulifanyika shindano la kutafuta nembo, na michoro kama 27,000 ikaletwa. Ulioshinda ulikuwa jina katika katakana ndani ya duara, na "da" ikawa "ta". Kwa kuziacha nukta mbili ndogo, jina likabaki na mipigo minane ya brashi, na nane kwa Wajapani ni namba ya heri. Nembo ya sasa ya miduara mitatu iliyorefushwa ilikuja mwaka 1989.

Mitsubishi ni maneno mawili: "mitsu", yaani tatu, na "hishi", mmea wa majini ambao jina lake hutumika pia kwa umbo la almasi. Chanzo chake ni alama za koo mbili zilizounganishwa. Isuzu ni jina la mto, na kanji zake husomeka kama kengele hamsini. Na Subaru? Hilo ni jina la Kijapani la kundi la nyota ambalo sisi Waswahili huliita Kilimia, nyota zilizowaonyesha wakulima wa pwani majira ya kulima. Ule mviringo wenye nyota sita unaopita Gatitu kwa kishindo ni Kilimia kilekile.

Je, msomaji, umeona jambo moja linalofanana? Mmoja alichukua shamba, mwingine mmea, wa tatu mto, wa nne nyota. Kila mmoja alianza na kitu cha kwao alichokijua.

Wako waliokwenda kinyume. Superdry, chapa ya nguo iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2003, iliweka maneno ya Kijapani kwenye fulana zake kwa ajili ya sura yake tu. Mjapani akiyasoma huona kitu kama amri ya ajabu ya kukausha kupita kiasi. Kampuni hiyo ilipata wateja wengi, ni kweli, lakini msomaji wa Kijapani huyatazama maneno hayo akitabasamu. Linganisha na Uniqlo, duka la nguo la Japani kwenyewe. Mwaka 2006 lilipewa nembo ya mraba mwekundu yenye jina lake kwa katakana, nalo huionyesha London na New York bila haya. Herufi ni za kwao, na jina ni lao.

Je, ina maana tusiguse cha Wajapani? La hasha! Si mbali na Gatitu, katika kijiji cha Ihithe, ndiko alikozaliwa Wangari Maathai mwaka 1940. Alipozuru Japani mwaka 2005, baada ya kutunukiwa Tuzo ya Nobel ya Amani ya mwaka 2004, alijifunza neno "mottainai". Ni neno la kusikitikia kitu kinachopotezwa bure, lenye heshima na shukrani kwa mali ya dunia ndani yake. Alilipenda, akalitangaza ulimwenguni hadi Wajapani wenyewe wakalitazama upya. Yeye hakuchukua sura ya herufi. Aliuliza maana, akaielewa, ndipo akaitumia. Tena neno hilo linaifaa Gatitu, kwa maana gari lililochokwa na mwenyewe huko Japani hupewa hapa miaka mingine mingi ya kubeba maziwa na watoto wa shule.

Kwa hiyo ikiwa wewe ni mwanafunzi wa uchoraji, au una biashara unayotaka kuipa nembo, kumbuka wahenga waliosema kuuliza si ujinga. Ukivutiwa na maandishi ya watu, tafuta anayeyasoma tangu utotoni, na ikiwezekana watafute wawili. Usiitegemee simu peke yake. Jua kila mpigo unaanzia wapi, kwa maana mstari mmoja ukizidi au ukipungua neno huweza kubadilika. Uliza pia kama alama unayoipenda si jina la biashara ya mtu mwingine. KIPI, taasisi ya serikali inayosajili alama za biashara, ipo kwa kazi hiyo. Na juu ya yote, usitumie herufi kudai bidhaa imetoka mahali ambapo haikutoka. Kenya ina sheria dhidi ya bidhaa ghushi tangu mwaka 2008, lakini hata isingekuwapo, mama aliyenunua breki kwa kuamini bango lako angekudai kwa Mungu.

Majuma kadhaa baadaye nilipita Gatitu tena. Duka limefunguliwa. Juu ya mlango, mzee amechora miti miwili bega kwa bega, na nyuma yake mlima wenye vilele vitatu. Si kanji. Ni miti ya hapa, yenye majani, na mlima wa hapa, wenye theluji. Chini yake ameandika jina la mama wa kijana, kisha kwa herufi nyekundu: "Spea za Japani na za kwingineko. Uliza tukueleze."

Nilimwuliza kijana kama wateja wanakuja.

"Wanakuja," alisema. "Tena wanauliza."

Ukipita huko, simama umwulize na wewe.