Swali la Kijana Yule


Mwaka 2023, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa katika msitu wa Shakahola, Kilifi. Siku hizo kijana mmoja wa kanisa letu aliniuliza, "Pasta, nitajuaje wewe si kama yule mhubiri?" Niliudhika. Nikamwambia ana roho ya uasi. Hakurudi tena.

Baadaye nilisoma Matendo 17:11. Watu wa Beroya walimsikiliza Paulo, kisha wakayapima maneno yake kwa Maandiko, na wakasifiwa kwa hilo. Mimi nilimfukuza Mberoya wangu.

Nimempigia simu kuomba msamaha. Bado hajashika.

Mpendwa, ukiwa na shaka, uliza. Mchungaji anayeogopa swali, mwogope. Kijana wangu, ukisoma hapa, kiti chako kipo. Njoo na swali lako.