Maneno ya Wagonjwa na Wazima

Hesabu ni mwalimu mwema wa afya ya watu. Hutuambia nyumba ngapi zimepata vyandarua, na watoto wangapi wameugua malaria. Walakini hesabu ikiulizwa kwa nini chandarua kilichogawiwa bure kimebaki sandukuni, hunyamaza. Jawabu la swali hilo limo kinywani mwa mwenye nyumba, na hapana njia ya kulipata ila kumwuliza, kumsikiliza na kuyapima maneno yake kwa uaminifu. Nalijifunza elimu ya upimaji huo ukubwani, nami napenda kuwaeleza ninyi vijana, kwa kuwa mbegu yake mnayo tayari.

Mnapoulizwa darasani maudhui ya hadithi, hamhesabu maneno yake. Mwatafuta fikira iyafungayo pamoja. Utafiti wa afya hutumia njia iyo hiyo, ila kitabu chake ni mazungumzo ya watu walio hai. Virginia Braun na Victoria Clarke waliieleza njia hii mwaka 2006 kwa hatua 6. Kwanza, mtafiti huyasoma mazungumzo tena na tena mpaka ayazoee. Pili, hutia alama kila penye jambo. Tatu, hukusanya alama zenye undugu apate maudhui. Nne, huyapima maudhui hayo kwa kuyarudisha kwenye maneno yenyewe. Tano, huyafafanua na kuyapa majina. Sita, huandika. Afikaye hatua ya nne mara nyingi hurudi ya pili, wala si aibu.

Mimi nalijifunza kwa mahojiano juu ya vyandarua, yaliyoandikwa neno kwa neno na kufichwa majina ya wasemaji. Mmoja alisema usiku ni joto, na ndani ya chandarua upepo haupenyi. Wa pili alisema chumba chao ni kimoja: mchana ni sebule, usiku ni malalo, na kila jioni kamba hufungwa upya. Wa tatu alisema watoto wake 4 hulala mkekani, na chandarua hakiwaenei. Nalitia alama 3: joto, kamba, mkeka. Nilipoziweka pamoja, zote zilinena habari ya nyumba. Watu hawa hawakukidharau chandarua. Nyumba zao zilikikosea nafasi.

Tazameni uzito wa jina. Mtu akiyaita maneno hayo uzembe, atashauri watu wakaripiwe. Akiyaita nyumba, atashauri chandarua kipana zaidi, au chenye umbo jepesi kutundikwa. Maneno ni yale yale, lakini shauri la kwanza huongeza hasira, na la pili laweza kuokoa mtoto.

Tena palikuwa na sauti moja iliyosimama peke yake. Bibi mmoja, mwenye chumba kimoja kama wenzake, alisema hulala ndani ya chandarua kila usiku, joto lisijoto, tangu alipomzika mjukuu wake. Mtu mmoja si umati, lakini mtafiti hana ruhusa ya kumtupa kwa sababu anaharibu mpango mzuri. Sauti hiyo ilinirudisha kwenye karatasi zote, nikatafuta nani mwingine amenena habari ya hofu na msiba. Ndipo maudhui yakawa mawili: nyumba izuiayo, na huzuni ishindayo kizuizi. Hapo likazaliwa swali jipya: twawezaje kuwafikishia watu bidii ile kabla ya msiba kuwafundisha?

Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Huu ndio msingi wa elimu hii. Asemaye habari za maradhi yake ametoa amana, na amana hurudishwa kamili, haipunguzwi wala haitiwi chumvi. Siku moja baadhi yenu mtakuwa madaktari, wauguzi na watungaji wa sheria. Shikeni hesabu kwa mkono mmoja, kwa kuwa huonyesha ukubwa wa jambo. Kwa mkono wa pili shikeni maneno ya watu, kwa kuwa huonyesha sababu yake.