Raketi ya yaya

Mwaka wa tatu wa masomo yangu, mwezi wa pili, nilifungua bahasha iliyoandikwa «TFC», nikatoa dola 60, nikaenda kununua raketi ya mpira wa meza. Pesa hizo zilikuwa za kuchapisha na kujalidi kazi yangu ya mwisho. Mama alikuwa amezikusanya kidogo kidogo kwa kuuza unga na makala mbele ya nyumba yetu, Katuba. Sikumwambia. Nilijituliza kwa kusema kwamba nitazirudisha kabla ya mwezi wa saba, na kwamba mtu aliyechaguliwa kuwakilisha kitivo chake katika mashindano ya vitivo hawezi kwenda na kipande cha ubao kilichobanduka raba.

Raketi yenyewe ilikuwa nzuri kuitazama. Ilifika sokoni katika mizigo ya mfanyabiashara aliyetoka Dubai. Ndani ya ubao wake mlikuwa na tabaka la nyuzi za kaboni. Raba zake zilikuwa laini na zenye kunata, moja nyeusi na nyingine nyekundu, na sponji iliyokuwa chini ya raba ilikuwa na unene wa milimita 2.2. Kwenye mpini ziliandikwa herufi tatu, OFF, alama ya raketi za kushambulia. Sikuuliza mengi. Niliichukua kwa sababu ndiyo raketi ambayo yaya angeichukua.

Yaya ni kifungua mimba wa mama. Kabla hajaenda Kolwezi kuchimba madini, alikuwa mchezaji ambaye mtaa mzima ulimjua. Tulichezea katika kiwanja cha seremala mmoja ambaye sisi sote tunamwita Papa Fundi. Meza aliitengeneza yeye mwenyewe kwa tripleksi, kwa vipimo vya kweli: mita 2.74 kwa 1.525, na wavu wa sentimita 15.25. Siku moja alituonyesha kwa rula jinsi meza inavyopimwa: mpira ukiangushwa kutoka sentimita 30 lazima uruke hadi karibu sentimita 23. Wa meza yake uliishia 20, naye akasema sentimita tatu zilizobaki zitakuja siku tripleksi nene itakapopunguzwa bei. Kwenye meza hiyo yaya alisimama karibu, magoti yamekunjwa, na kila mpira uliopanda kidogo juu ya wavu aliupiga smashi hadi ukutani. Upande wa pili nilikuwa mimi. Kwa miaka saba kazi yangu ilikuwa kurudisha mipira ya yaya, na kuikimbilia ile niliyoshindwa kuirudisha.

Katika mashindano nilitolewa mchezo wa kwanza, seti tatu kwa sifuri, na mwanafunzi wa politekniki aliyeshika raketi ya bei ndogo. Kila nilipoigusa mipira yake, yangu iliruka nje ya meza kama inayofukuzwa. Nilipopiga kwa nguvu, ulitoka. Nilipopiga polepole, ulitoka pia. Wenzangu wa kitivo waliokuja kunishangilia walianza kuondoka mmoja mmoja kabla ya seti ya tatu.

Nilirudi kwa Papa Fundi nikiwa na hasira, nikamwambia kwamba raketi ile ni mbovu. Najua wahenga walivyosema: mbaazi akikosa maua husingizia jua. Nilitegemea anijibu hivyo. Lakini seremala anajua kwamba chombo nacho kinaweza kuwa na kosa. Aliichukua raketi, akaigonga kwa ukucha, akaisikiliza, akaipima uzito mkononi. Kisha akaniambia nicheze naye. Baada ya dakika kumi hivi aliweka mpira mezani.

«Mwana,» akasema, «unapiga sawa yaya yako, lakini unasimama sawa weye mwenyewe. Iyi raketi haina mubaya. Haina tu yako.»

Nilimwuliza nisimame namna gani basi. Akanielekeza chini. Udongo wa kiwanja chake unatunza alama: upande wangu nyayo zilikuwa mita mbili nyuma ya meza. Nilikuwa na raketi ya mtu anayesimama karibu, anayemaliza mchezo kwa mapigo matatu, lakini miguu yangu ilikuwa bado inamngoja yaya apige.

Jioni ile nilijifunza mambo ambayo ningepaswa kuyajua kabla ya kufungua bahasha. Nayaandika hapa kwa ajili ya wenzangu wanaocheza, maana nimeona wengi wakinunua kama nilivyonunua.

Raketi ni vitu vitatu: ubao, raba na mpini. Sheria za mchezo haziweki kikomo cha ukubwa wala cha uzito wala cha umbo la raketi. Zinadai ubao uwe bapa na mgumu, na angalau asilimia 85 ya unene wake iwe mti wa asili. Ubao mgumu wenye kaboni huutupa mpira upesi. Unamfaa mwenye kushambulia, na humwadhibu mwenye mkono unaositasita. Ubao wa mti mtupu, wa tabaka tano zilizogundishwa, unaukalisha mpira kidogo zaidi, na mkono unapata nafasi ya kuhisi kilichotokea.

Raba ndiyo inayozungumza na mpira. Ile laini hushika mpira na kuuzungusha. Ile ya vipele vifupi inahisi kidogo tu mzunguko wa mpinzani, na hupiga mpira ukaenda moja kwa moja. Ile ya vipele virefu ina tabia ya ajabu: mpinzani akiuzungusha mpira kuja kwako, mzunguko ule ule unamrudia kinyume. Chini ya raba kuna sponji. Ikiwa nene, kama milimita 2 na zaidi, mpira unaruka kwa kasi. Ikiwa nyembamba, kama 1.5, kasi inapungua na utawala unaongezeka. Raketi kamili ina uzito wa kama gramu 170 hadi 190, na gramu kumi tu zilizozidi, mkono unazijua kufikia seti ya nne.

Mpini nao una maumbo yake, ulionyooka na uliopanuka mwishoni. Mwenye kugeuza raketi mkononi ili abadilishe upande katikati ya mchezo hupenda ulionyooka.

Papa Fundi aliniambia swali la kwanza si «ipi ni nzuri?» Swali ni «mpira ukikufikia, weye unatamani nini?» Yaya alitamani uishe. Mimi, nilipojichunguza bila haya, nilitamani urudi.

Kukubali jambo hilo kulikuwa kugumu kuliko kupoteza dola 60. Mtaani kwetu anayerudisha tu anaitwa mwoga. Watu wanapiga makofi kwa ajili ya smashi. Hata hivyo historia ya mchezo huu haiwadharau wenye kurudisha. Mwaka 2003, katika mashindano ya dunia mjini Paris, Joo Se-hyuk wa Korea Kusini alifika fainali akisimama mbali na meza na kuikata mipira, akiwa na vipele virefu upande wa nyuma wa mkono. Alishindwa na Werner Schlager wa Austria, lakini njiani aliwachosha washambuliaji wakubwa.

Chombo nacho kinaweza kubadilisha mchezo wote. Mwaka 1952, mjini Bombay, Mjapani Hiroji Satoh alishinda ubingwa wa dunia kwa raketi iliyofunikwa na sponji nene. Kabla yake wachezaji walizoea raba ngumu ya vipele, na walisikiliza mlio wa mpira ili wajue umepigwaje. Sponji ya Satoh haikutoa mlio. Wapinzani wake walibaki kama watu wanaozungumza na mtu asiyefungua kinywa. Miaka saba baadaye, 1959, sheria iliweka kikomo: raba na sponji pamoja zisizidi milimita 4. Tangu 1986 ilitakiwa upande mmoja uwe mweusi na mwingine mwekundu, kwa sababu wachezaji walikuwa wanaficha raba mbili tofauti chini ya rangi moja. Mwaka 2021 waliruhusu rangi nyingine badala ya nyekundu, lakini nyeusi ilibaki.

Papa Fundi alikuwa na ubao wake wa zamani, wa tabaka tano, uliokuwa umelala juu ya kabati. Upande mmoja tuligundisha raba laini yenye sponji ya 1.5. Kwa upande wa pili tulipata raba ya vipele virefu kwa mzee mmoja aliyeacha kucheza. Majuma mawili ya kwanza sikuelewa kitu. Mipira ilienda wavuni. Juma la tatu nilianza kukata kutoka chini, polepole, na mpira ulivuka ukiwa chini sana, ukagusa meza ukazama. Vijana waliokuwa wananicheka walianza kukasirika. Kumkasirisha mshambuliaji bila kupiga kwa nguvu ni furaha ambayo sikuwa nimewahi kuijua.

Mwezi ule ule mwalimu wetu alinirudishia sura ya kwanza ya TFC. Nilikuwa nimeijaza maneno mazito niliyoyaokota katika vitabu, kwa sababu niliona wakubwa wakiandika hivyo. Pembeni aliandika kwa kalamu nyekundu: «Sentensi nzuri. Ni za nani?» Kama angeniuliza mwezi mmoja kabla, ningeona ananionea. Sasa nilikumbuka nyayo zangu mita mbili nyuma ya meza, nikaanza sura upya kwa maneno ninayoweza kuyarudisha mtu akinipigia swali.

Yaya alirudi mwezi wa sita. Hakututangazia. Alifika usiku na mfuko mmoja, na bega la kuume limeshuka. Kule machimboni alianguka na gunia mgongoni, na bega halikupona sawasawa. Mama alimpikia bukari na samaki, hakumwuliza chochote. Mimi nilingoja siku tatu, kisha nikamletea ile raketi ya Dubai. Nilikuwa nimeisafisha. Nilimwambia: «Yaya, hii niliinunua kwa sababu yako.»

Aliigeuza mkononi, akatabasamu, tukaenda kwa Papa Fundi. Alipiga mipira mitatu. Wa kwanza ulikuwa ule wa zamani, hadi ukutani. Kwa wa pili alifumba macho. Baada ya wa tatu aliweka raketi mezani taratibu, akashika bega, akasema: «Cheza na wengine, mudogo wangu. Miye niliisha.»

Nilisimama pale na aibu. Raketi ile niliyoinunua kwa pesa za mama haikuwa yangu, na sasa haikuwa ya yaya pia. Ilikuwa ya kijana fulani aliyeondoka Katuba miaka minne kabla, na kijana huyo hakuwa amerudi.

Papa Fundi hakusema neno la faraja. Aliingia katika karakana yake, tukasikia tupa. Alichukua ubao mwepesi, akaupunguza pembeni, akaukwangua mpini hadi ukaenea katika mkono wa yaya, kisha akabandika vipele vifupi pande zote mbili. Alimweleza yaya kwamba raketi hii haidai bega. Asimame karibu na meza, aweke raketi mbele ya mpira, asukume kwa kiwiko na kifundo tu. Yaya alisema huo ni mchezo wa wazee. Papa Fundi akamjibu: «Na miye nikoje?»

Ilichukua majuma. Kucheza na mimi kulimwia vigumu kuliko kucheza na wengine, kwa sababu anayekata mipira hampi mwenzake kasi ya kuazima. Ilimbidi angoje. Yaya, ambaye hakuwahi kungoja kitu, alijifunza kuusukuma mpira kushoto, kulia, kushoto, hadi mimi ninapochelewa kidogo, halafu anaupiga kwa mkono mfupi. Sasa nashinda mara nyingi, yeye anashinda mara chache, na mchezo wetu mmoja unaweza kuchukua muda wa kuiva maharage.

Ile ya Dubai niliiuza kwa dola 40 kwa mwanafunzi wa sheria. Kabla ya kuchukua pesa nilimwomba acheze nayo mbele yangu, nikatazama anaposimama. Alisimama karibu na kupiga bila kusita. Nikampa. Dola 20 zilizopungua nilizipata kwa kuchapa kazi za wenzangu, na mama nilimweleza yote siku nilipomletea TFC iliyojalidiwa. Aliniuliza tu kama raketi hiyo nyingine ililiwa na panya.

Kuna sheria moja ya mchezo huu ninayoipenda. Kabla ya mchezo kuanza, kila mchezaji lazima amwonyeshe mpinzani raketi yake na kumwacha aichunguze, pande zote mbili. Zamani mimi na yaya hatukuifuata, maana tulikuwa na raketi moja mbovu kila mtu na tulizijua. Siku hizi tunaifuata. Ananipa yake, nampa yangu. Anapitisha kidole juu ya vipele vyangu virefu, anatikisa kichwa, ananirudishia, halafu anakwenda kusimama mahali pake, karibu.